Nguzo Sita na Ulimi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, lakini leo nina hasira na sina wa kumwambia, kwa hiyo kurasa za nyuma ni zangu. Mume wangu ameamua kuweka nguzo. Si nguzo za kushika kitu, la. Nguzo za urembo! Zile nne za mraba zinazobeba paa la baraza letu anataka zivishwe ziwe za duara, nene, zenye vichwa vya urembo kama vilemba juu. Na mbili nyingine ndani, kati ya sebule na meza ya kulia, mahali ambapo hakuna hata cha kubeba.

"Nguzo za nini, mzee? Tunafungua benki?"

"Nimekuwa karani miaka thelathini na nne kwenye jengo lenye nguzo," akasema. "Kila asubuhi nilipita katikati ya nguzo kwenda kwa bosi. Sasa nimestaafu, nataka nipite katikati ya nguzo kuja kwangu."

Nikamwambia nguzo zilikuwa za jengo, yeye alikuwa na meza tu. Akacheka. Ndiyo tabia yake huyu, ukimchoma anacheka, halafu anafanya lile lile alilokusudia.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja. Mfupi, mkavu, ana miaka sitini na kitu, kofia ya sufu hata kwenye joto. Watu wanamwita Timazi kwa sababu ile kamba yake yenye kitufe cha shaba, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haimtoki mfukoni. Nimempa chai. Kikombe kimegongagonga kisahani mpaka nikajifanya naangalia dirishani. Mkono wa kulia unatetemeka.

Alipoondoka nikamvaa mume wangu. "Huyo ndiye atakayetupigia plasta? Mkono ule hauwezi hata chai!"

Akaniambia habari yote. Timazi alikuwa ndiye fundi wa nguzo kuliko wote. Miaka miwili iliyopita jukwaa lilivunjika, akaangukia mkono. Tangu hapo kazi anazopewa ni kuziba nyufa na kukarabati vibanda vya kuku. Sasa mkandarasi anayejenga ghorofa hapa jirani anatafuta mtu wa kupiga nguzo kumi na mbili, na amesema atatazama kwanza zetu zitakavyotoka. "Zikitoka nzuri, mtu yule amerudi mjini," akasema mume wangu. "Zikiharibika, ndiyo basi tena."

Nikauliza kwa nini baraza langu ndilo liwe la kujaribia.

Jumatatu, 10 Machi

Vumbi. Anazichokoa nguzo za zamani kwa nyundo na patasi ili udongo mpya wa saruji upate pa kushika. Chumba changu cha ushonaji kinafunguka barazani, basi gauni jeupe la mteja limegeuka kijivu. Nimelifua mara mbili. Nimesema maneno.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikusudia kuandika malalamiko lakini nitaandika nilichokiona, maana haki ni haki.

Amezungushia nguzo ya kwanza wavu wa kuku, akaukaza kwa waya. Kisha akachanganya saruji na mchanga, akachukua mwiko. Mkono ukawa unatetemeka vile vile. Akaushika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akarusha. Pwaa! Udongo ukaganda pale pale alipotaka. Akarusha tena. Mtetemo unakuwapo mpaka mwiko unapoachia, na ukiachia tu, udongo unakwenda pake. Nimesimama mlangoni na pini mdomoni, sijui kwa muda gani. Cherehani yangu ilikuwa kimya mpaka mume wangu akapiga kelele kutoka ndani kuniuliza kama umeme umekatika.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua kutwa. Fundi hakuweza kupiga plasta lakini alikuja. Aliketi barazani akachonga ubao mmoja mrefu kwa kisu na randa, ubao wa kusawazishia. Anachonga, anauinua kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anachonga tena. Asubuhi mpaka alasiri, ubao mmoja. Mimi ningekuwa nimeshona sketi tatu.

Jumatano, 19 Machi

Nguzo mbili zimekamilika. Zimefunikwa magunia, anayamwagia maji ili zisikauke haraka zikapasuka. Mvua ikianza anavuta turubai kabla tone halijafika. Anaijua mvua huyu kuliko redio.

Nimempelekea chai kwenye kikombe kikubwa cha mpini, bila kisahani. Aliinywa yote.

Jumapili, 23 Machi

Nguzo ya tatu imepigwa leo jioni. Nimeiangalia kwa karibu. Kuna kitu hakinikai sawa. Kesho nitapima.

Jumatatu, 24 Machi

Mwenye macho haambiwi tazama. Nimevisha watu miaka thelathini na mmoja, najua mwili ulionyooka na mwili uliofura. Asubuhi, kabla fundi hajaja, nilichukua tepu yangu nikaipima nguzo ya tatu kama ninavyompima mteja. Chini kabisa, sentimita tisini na nne. Usawa wa kifua changu, tisini na saba. Nikapanda kiti, nikapima juu, themanini na mbili. Nikarudia. Tisini na saba! Nikapima ya kwanza na ya pili, zote vile vile. Nguzo zetu zina vitambi!

Alipofika nikamwita. Nakiri nilimwita kwa sauti. Sauti yangu ndivyo ilivyo, hata nikimwita paka wanakuja majirani.

"Fundi! Hii nguzo imefura katikati. Tazama. Tazama tepu mwenyewe!"

Akatazama. "Lazima iwe na tumbo kidogo, mama," akasema taratibu. "Ikinyooka kabisa..."

"Tumbo! Mimi nimeagiza nguzo, sikuagiza mjamzito!"

Nikasikia kicheko. Kwenye ukuta wa jirani walikuwa wamejipanga vibarua wa ghorofa, na mkandarasi mwenyewe katikati yao na ile kofia yake ngumu ya njano. "Umemkamata, mama!" akasema. "Pima na zile nyingine asije akawa amekuwekea mapacha!" Wakaangua kicheko wote.

Fundi hakuwatazama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ameugeuza kiganja juu. "Labda nimezidisha," akasema. "Ubao niliukata kwa mkono huu. Labda nimezidisha."

Si amekiri? Mwenyewe kasema. Nikamwambia basi ainyooshe, na zile mbili tutajua baadaye. Udongo ulikuwa bado haujashika sana. Akachukua ubao mwingine, ulionyooka kama rula, akaikwangua nguzo ya tatu mpaka saa saba mchana, tepu yangu ikasoma sawa kuanzia chini mpaka kwapani pangu. Akanawa, akapanga vifaa vyake chini ya turubai, akaondoka bila kunywa chai.

Mume wangu alirudi jioni, akasimuliwa na kila mtu kabla hajafika mlangoni. Amekula, akaenda kulala. Hakucheka hata kidogo.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Fundi hajaja.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Hajaja.

Alhamisi, 27 Machi

Jua kali, siku nzuri ya plasta. Hajaja.

Ijumaa, 28 Machi

Mume wangu amemfuata kwake. Amerudi na maneno machache: "Anasema utafute fundi mwingine. Vifaa vyake atakuja kuvichukua mvua ikipungua."

"Kwani nimesema uongo?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Mimi ni karani."

Tangu nimeolewa sijawahi kumsikia akinijibu hivyo. Nimeshona mpaka macho yakauma, na mishono yote nimeifumua.

Jumatatu, 31 Machi

Nataka niandike hili polepole, kama lilivyotokea.

Saa nne mvua ikinyesha alikuja mteja wangu mmoja, mwalimu, mwanamke aliyejaliwa nyuma kwelikweli, kuchukua sketi yake ya suti. Hakuijaribu. Aliitandaza mezani, akaikunja, pindo la mbele juu ya pindo la nyuma, akaruka. "He! Umenikata upande! Nyuma imezidi vidole vitatu!"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. "Sketi haivaliwi na meza, mwalimu. Ivae kwanza." Akanuna, akaivaa, akajitazama kwenye kioo kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma. Pindo lilikuwa limelala sawa pande zote. Maana mwili wake unakula kitambaa nyuma. Ningekata sawasawa, sketi ingepanda nyuma aibu ikaonekana. Nikamweleza, kama nilivyowaeleza wengine mia: "Nimeizidisha ili ionekane haikuzidi."

Neno lile lilipotoka mdomoni mwangu tepu ikaniponyoka. Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia anisubiri, nikajitupia kitambaa kichwani, nikatoka kwenye mvua, nikavuka barabara mpaka ukuta wa mbele, nikageuka.

Kumbe sijawahi kuziangalia nguzo za nyumbani kwangu kutoka pale! Wiki tatu nimezitazama nikiwa nimezisogelea na pini mdomoni. Ya kwanza na ya pili zilikuwa zimesimama, jamani, zimesimama kama watu wenye afya. Hakuna kitambi. Hakuna kufura. Zimenyooka kutoka chini mpaka juu, paa limekaa juu yake kwa raha, na baraza letu la kila siku limekuwa mahali pa mtu kujinyoosha nguo kabla ya kupita. Nilifurahi mpaka nikasahau nalowa.

Halafu nikaiangalia ya tatu. Ile niliyoinyoosha mimi. Imebonyea katikati, imekonda, kama imebanwa na mkanda. Ndiyo pekee iliyopinda, na ndiyo pekee iliyo sawa kwa tepu.

Mzee wa watu alikuwa anasema kweli. Alizidisha katikati ili ionekane imenyooka. Aliupata ule upana kwa jicho moja na kisu, siku nzima ya mvua, na mimi nikamtia shaka mbele ya watu mpaka akautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nimeona haya. Nimelia barabarani, nashukuru mvua ilikuwapo.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda kwake. Nilimkuta anaziba ufa wa karo la kufulia la jirani yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, nilipofika nikasema tu, "Fundi, rudi umalize."

Aliendelea kuziba. "Nitarudi, mama. Kazi ya mtu sijawahi kuiacha nusu. Nitapiga zile mbili za ndani na ile ya nne."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu siigusi. Umetaka iwe vile."

"Mimi nilikosea, fundi. Nimezitazama kutoka ng'ambo."

Akaweka mwiko chini. "Jana nimepita pale kwa jirani yako. Vibarua wameniita Kitambi. Yule mkandarasi ameshaniona mara mbili, hanisalimii tena." Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Mama, kabla ya siku ile nilikuwa najua. Sasa nikishika ubao sijui. Labda ni sawa, labda nimezidisha. Sijui."

Nilirudi kwa miguu. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu umemvunja mtu mkono mara ya pili.

Jumatatu, 7 Aprili

Za ndani ni za jasi, nyeupe, nyepesi, tupu ndani. Anazimimina kwenye kalibu sakafuni, nusu na nusu, kama ganda la karanga, halafu anaziunganisha zikiwa zimesimama. Ukigonga zinalia. Leo ya kwanza imesimama kati ya sebule na meza ya kulia, ina mifereji midogo kumi na sita iliyoteremka bila hata mmoja kuyumba. Mume wangu amepita katikati mara saba kwenda kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani.

Na ni nzuri. Wallahi ni nzuri. Lakini fundi ananiuliza kila kitu. "Mama, niikaze hapa?" "Mama, kilemba kishuke kidogo?" "Mama, rangi hii unaiona sawa?" Mtu aliyesahau mengi kuliko nitakayojua mimi, ananiuliza mimi! Kila akiuliza nasikia kisu.

"Fanya unavyoona wewe, fundi."

"Nione vipi, mama?" anasema, na anasubiri jibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Ya pili ya ndani imesimama, na ya nne barazani ameianza. Mvua inapungua. Aliponiuliza kama amwage maji kwenye magunia nilikwenda jikoni nikajifungia.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefanya.

Saa tano, jua limetoka, vibarua wa ghorofa wako kwenye chakula, mkandarasi kaketi juu ya tofali. Nikasimama barazani nikaita kwa ile ile sauti yangu. Kosa nililifanya kwa sauti, nisingelitengeneza kwa kunong'ona.

"Mkandarasi! Njoo. Na watu wako wote njooni."

"Kuna nini, mama? Nguzo imejifungua?"

"Njoo uone."

Walikuja, kwa sababu watu wakiitwa kwenye fedheha hawakosi. Nikawavusha barabara, nikawapanga kwenye ukuta wa mbele kama wanafunzi. Fundi alikuwa barazani amepiga magoti kwenye nguzo ya nne, ameacha kazi, anatutazama. Mume wangu alitoka na miwani yake.

"Haya," nikasema. "Ipi mbovu?"

Walitazama. Mkandarasi alivua kofia. Nilimwona macho yakienda kushoto, kulia, yakarudi. Si mjinga yule. "Ile ya tatu," akasema. "Imekonda."

"Ya tatu ni yangu," nikasema. "Ile hakuipiga fundi. Niliipiga mimi, kwa huu mdomo. Mtu huyu aliniambia lazima iwe na tumbo kidogo, nikamzomea, na nyinyi mkacheka na mimi. Hizi mbili ni zake. Zipimeni mkitaka, zimefura sentimita tatu kila moja. Nani kati yenu aliona?"

Mmoja akafumba jicho moja.

"Basi nisikilizeni. Fundi!" Nikageuka, nikamwita kwa sauti ile ile, barabara nzima isikie. "Fundi, nisamehe. Mkono wako haukukosea. Nilikosea mimi."

Mume wangu aliiondoa miwani. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa hajalisikia neno hilo likitoka kwangu, hata yeye mwenyewe sijampa.

Fundi alisimama, akajikung'uta magoti. Mkandarasi ndiye aliyevuka barabara, akapanda barazani, akaipapasa nguzo ya kwanza kwa kiganja kuanzia chini mpaka mkono ulipofikia. "Zangu ni kumi na mbili, mzee," akasema. "Na ni ndefu kuliko hizi."

"Nikimaliza hapa," fundi akasema.

"Kwani hapa umebakiza nini? Hii ya nne si leo?"

Fundi aliiangalia ya tatu. "Nikimaliza hapa," akarudia.

Jumatatu, 14 Aprili

Ameivunja ya tatu. Vipande viko uani, wavu mpya umefungwa.

Jumatano, 16 Aprili

Leo ameisawazisha. Jua lilikuwa upande, mvua haikuonekana popote. Alichukua ule ubao wake wa mvua, ule wa kisu na randa, akaupitisha juu ya udongo mbichi kutoka chini kwenda juu, taratibu, mkono wa kushoto umekamata kiwiko cha kulia. Kila akipitisha anarudi nyuma hatua nne, anafumba jicho, anarudi. Vibarua wawili walikuwa kwenye ukuta, kimya kama wako darasani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ndoo, nimejitayarisha. Nilijua ataniuliza. Nilikuwa nimeshaandaa jibu zuri la kumtia moyo, nimelirudia kichwani tangu asubuhi.

Akarudi nyuma. Akatazama. Akakunja uso, akatikisa mkono kunielekea, hata hakunigeukia.

"Mama, ondoka hapo. Unanizibia mwanga."

Nikaondoka. Nimeingia ndani, nimekaa kwenye kiti cha cherehani, nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimefukuzwa barazani kwangu mwenyewe.